Mienendo ya mifumo katika fikra za usanifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaobuni huduma Mombasa: vikundi vya vijana, wanafunzi wa vyuo, maafisa wa kaunti, wenye vioski, wanaotengeneza programu za simu. Tumechukulia kwamba msomaji ameshawahi kukaa kwenye warsha ya fikra za usanifu (design thinking, yaani kubuni kwa kuanzia kwa watu watakaokitumia kitu) na anajua hatua zake. Takwimu za mifano tumezitunga ili hesabu ifuatike; ukifika kwenye kazi yako, weka zako.

Mnaposema mienendo mna maana gani?

Jinsi hali ya kitu inavyobadilika muda unavyopita, na kinachoibadilisha. Foleni inakua halafu inayeyuka. Tangi linajaa, linakauka. Wateja wanazidi mwezi wa kwanza, wanapotea mwezi wa nne. Kwenye fizikia neno hili lina kazi yake ya nguvu na mwendo wa vitu. Hapa tunazungumzia mifumo yenye watu ndani yake.

Aliyeianzisha fani hii (system dynamics) ni Jay Forrester, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, katikati ya miaka ya 1950. Moja ya kazi zake za mwanzo ilihusu kiwanda cha General Electric cha vyombo vya nyumbani, jimbo la Kentucky, ambako idadi ya wafanyakazi ilikuwa ikipanda na kushuka kila baada ya miaka michache. Wakuu wa kiwanda walilaumu hali ya soko. Forrester akachukua daftari, akapiga hesabu ya wiki baada ya wiki kwa mkono, akaonyesha kwamba kanuni zao wenyewe za kuagiza na kuajiri zinatosha kuleta mawimbi yale hata kama soko limetulia. Mambo mengine yote ya ukurasa huu yamejengwa juu ya hilo: kabla ya kumtafuta mchawi nje, tazama jinsi mfumo ulivyoungwa ndani.

Fikra za usanifu tayari zina hatua tano. Kwa nini tuongezewe mzigo?

Kwa sababu zile hatua (kuwaelewa watu, kufafanua tatizo, kutoa mawazo, kujenga mfano, kuujaribu), zikifanywa haraka, hutoa picha ya mnato. Unamhoji mama muuza mboga soko la Kongowea siku ya Jumanne saa 3 asubuhi, unamwelewa vizuri sana, halafu unabuni kitu kinachomfaa Jumanne saa 3 asubuhi.

Lililo baya zaidi ni kwamba kitu ulichobuni kikiingia mtaani, watu hubadilisha tabia kwa sababu yake. Chukua wazo ambalo kila kundi la vijana hulileta likipewa kazi ya kivuko cha Likoni: programu ya kuonyesha urefu wa foleni. Watumiaji wakiwa 50, inafanya kazi vizuri. Wakiwa 20,000, inaanza vituko. Saa 1 asubuhi simu inasema foleni ni fupi, wote wanatoka nyumbani kwa pamoja. Wakifika kuna msongamano. Simu inaonyesha msongamano, waliobaki nyumbani wanakaa. Foleni inaisha, feri inaondoka na nafasi. Habari yenyewe ikiwa imechelewa dakika 20, programu imetengeneza mawimbi ambayo hayakuwepo. Kosa halimo kwenye rangi za vitufe wala kwenye mahojiano. Limo kwenye mrejesho uliochelewa, na hakuna kikaratasi cha kubandika kitakachokuonyesha hilo usipolitafuta kwa makusudi.

Tiba zake zipo: onyesha makisio ya foleni ya wakati mtu atakapofika badala ya foleni ya sasa, punguza kuchelewa kwa taarifa, au wape watu tofauti mapendekezo tofauti ya saa. Lakini huwezi kuchagua tiba kabla ya kuujua ugonjwa.

Ni dhana gani za lazima?

Nne tu.

Limbiko ni chochote unachoweza kukihesabu ukisimamisha saa: lita zilizomo tangini, watu walio kwenye banda la kusubiri, deni la dukani, imani ya wateja. Mtiririko ni kinachoingia au kutoka kwa muda: lita kwa saa, watu kwa dakika. Kipimo kisipokuwa na "kwa saa" au "kwa siku" ndani yake, si mtiririko. Warsha nyingi hukwama hapa, kwani watu huandika "wateja" bila kusema ni walioko au wanaoingia.

Mrejesho ni pale limbiko linaporudi kugusa mtiririko wake lenyewe. Kuna mrejesho unaojikuza, kama sifa: wateja wakiridhika wanaleta wengine. Na kuna unaojisawazisha, kama boya la tangi linalofunga maji tangi likijaa.

Ucheleweshaji ni muda kati ya kutenda na kuona matokeo. Mfumo wenye mrejesho unaojisawazisha na ucheleweshaji mrefu huyumba huku na huku, hata wahusika wawe na akili kiasi gani.

Tuonyesheni hesabu moja kamili.

Kioski cha maji, tuseme kiko Kisauni. Tangi lina lita 2,000. Bomba linaingiza lita 300 kwa saa, mchana na usiku. Kioski kinafunguliwa saa 12 asubuhi tangi likiwa limejaa na kufungwa saa 12 jioni. Wanaotaka maji ni mitungi 40 ya lita 20 kila saa, yaani lita 800.

Kinachotoka ni 800, kinachoingia ni 300. Tangi linapungua lita 500 kila saa. Lita 2,000 kugawanya kwa 500 ni saa 4, kwa hiyo saa 4 asubuhi tangi ni kavu. Kuanzia hapo kioski kinauza kinachoingia tu, mitungi 15 kwa saa, na mitungi 25 inabaki kwenye foleni kila saa au inakwenda kwingine. Mahojiano utakayofanya saa 5 yatakuambia tatizo ni foleni. Ya saa 1 asubuhi yatakuambia hakuna tatizo.

Sasa wazo linalokuja haraka: tangi kubwa. Wafadhili hupenda tangi kubwa, linapigika picha vizuri. Tufuate hesabu. Kwa tangi la lita 2,000, kioski kinauza kwa siku lita 2,000 za asubuhi pamoja na 300 mara saa 12, jumla 5,600, yaani mitungi 280. Usiku bomba linajaza tangi kwa saa 6 na dakika 40, kisha boya linafunga. Saa 5 na dakika 20 zilizobaki, lita 1,600 ambazo zingeingia haziingii. Hapo ndipo penye faida ya tangi kubwa: kuzipokea hizo 1,600. Tangi la lita 3,600 linazipokea zote, na mauzo yanafika lita 7,200, mitungi 360.

Na tangi la lita 10,000? Mitungi 360 vilevile. Bomba linaingiza lita 7,200 kwa siku, na zaidi ya hapo hakuna kitu cha kuhifadhi. Kila shilingi iliyozidi tangi la lita 3,600 (dukani utachukua la 4,000) imenunua plastiki na hewa, isipokuwa kama bomba lenyewe hukatika siku nzima nzima. Hapo tangi linafanya kazi nyingine, ya akiba ya dharura, na hesabu yake ni tofauti.

Haijaisha. Wanaotaka maji ni mitungi 480 kwa siku, bado 120 inapungua. Foleni ikipungua, watu wa mtaa wa pili waliokuwa wakienda kwingine watasikia na kuja. Mahitaji yatapanda mpaka foleni irudi karibu na pale ambapo watu wamezoea kuivumilia. Timu iliyopima foleni peke yake itaandika ripoti kwamba mradi umeshindwa, ilhali kioski kinahudumia mitungi 80 zaidi kila siku. Chagua kipimo chako kabla ya kuanza, na usichague foleni peke yake.

Ninachoraje mizunguko ya mrejesho?

Anza na mchoro wa muda kabla ya mishale. Mstari wa chini ni saa au wiki, mstari wa kusimama ni kitu kimoja tu kinachowauma watu. Chora kilivyokuwa, kilivyo, na kinavyohofiwa kuwa. Dakika 10 zinatosha. Timu isiyoweza kuchora mstari huu haijui bado inatatua nini.

Kisha andika vitu vinavyopanda na kushuka, kila kimoja kwa jina linaloweza kuongezeka. "Muda wa kujaza matatu" linafaa, "matatu" halifai, "ukosefu wa abiria" linachanganya, kwa sababu kuongezeka kwa ukosefu kunaumiza kichwa. Unganisha kwa mishale. Weka alama ya kujumlisha kama vitu viwili vinakwenda upande mmoja (hiki kikipanda, na kile kinapanda), alama ya kutoa kama vinakwenda kinyume.

Mfano wa stejini, saa za mchana zenye abiria wachache. Matatu ya viti 14 haiondoki mpaka ijae. Abiria wakija 2 kwa dakika, inajaa kwa dakika 7. Wakija 1 kwa dakika, ni dakika 14, na hapo watu wanaanza kushuka kufuata tuktuk. Akihama mmoja katika kila watatu, muda wa kujaza unafika dakika 21, na hizo 21 zinafukuza wengine zaidi. Mishale yake: muda wa kujaza unaongeza wanaohama (kujumlisha); wanaohama wanapunguza wanaobaki (kutoa); wanaobaki wanaongeza kasi ya kujaza (kujumlisha); kasi ya kujaza inapunguza muda wa kujaza (kutoa). Hesabu alama za kutoa: mbili. Zikiwa shufwa, au hakuna kabisa, mzunguko unajikuza. Zikiwa witiri, unajisawazisha.

Mzunguko wa kujikuza hauna wema wala ubaya. Huo huo ukigeuzwa unamnufaisha mwenye gari. Stejini pale kondakta wengine huweka "abiria" wa bandia ndani ili gari lionekane karibu kujaa. Si ujanja mtupu, wameuelewa mzunguko huu bila kuchora chochote.

Maliza kwa kusoma mchoro kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwepo. Mshale unaohitaji maelezo ya dakika moja una kitu kimefichwa katikati, kitoe, kiandike. Mchoro ukipita vitu 12, umekuwa wa kutundika ukutani tu.

Tutazame mtaani kwa muda gani kabla ya kufafanua tatizo?

Angalau mzunguko mmoja kamili wa kile kinachoendesha mahali hapo. Mombasa ina vinne ambavyo wageni huvisahau.

Bahari. Ukibuni chochote kinachogusa ngalawa, wavuvi, au hamali wa mikokoteni kivukoni, siku tatu hazitoshi. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hupishana kwa zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni ndogo sana. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali na mkokoteni wenye mzigo unataka watu wa kuusaidia. Maji yakijaa, mtu huyo huyo anapita peke yake. Kwa bamvua, maji hupwa kabisa karibu saa 4 au 5 asubuhi, na kila siku saa hiyo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Ukienda kila siku saa ileile kwa siku 15, utakuwa umeona hali zote. Ukienda siku 3 mfululizo umeona hali moja, ukaiita ndiyo Likoni.

Mwezi wa Ramadhani. Saa za kula, kulala, kununua na kusafiri hubadilika mji mzima, na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida, takwimu za "mwezi wa tatu mwaka jana" na "mwezi wa tatu mwaka huu" zinaweza kuwa za miji miwili tofauti. Kukusanya data ndani ya Ramadhani si kosa. Kosa ni kutoandika kwamba ilikuwa Ramadhani.

Cha tatu, mwisho wa mwezi na msimu wa wageni, kinajulikana. Pima wiki ya mshahara na wiki ya katikati, na usilinganishe Desemba na Mei, ambapo mvua nayo imeshatia mkono wake.

Cha nne ni vitu vinavyofika kwa mkupuo. Treni ya abiria inaposimama Miritini, mamia ya watu hutoka mara moja wakitafuta gari la mjini, kisha kimya. Ukigawanya idadi yao kwa saa za siku utapata wastani mdogo unaopendeza na ambao haujawahi kutokea hata dakika moja.

Vifaa na muda wa warsha?

Watu 8 hadi 12, katika makundi ya wanne wanne. Wakizidi 12 tafuta mwezeshaji wa pili. Saa 3 na nusu za kazi, na usiweke Ijumaa isipokuwa mtamaliza kabla ya saa 6 mchana.

Karatasi za manila 6, vikaratasi vya kubandika pakiti 3, kalamu nene za rangi mbili kwa kila mtu, vizibo vya soda 100 kwa kila kundi, dadu 1 kwa kila kundi, saa ya ukutani. Nunua pia selotepu ya karatasi roli 2. Joto la Pwani na pangaboi likizunguka kwa kasi, vikaratasi vinaanguka baada ya nusu saa, na mchoro wa mizunguko ukipoteza kikaratasi kimoja umepoteza maana. Ubandike kila kimoja, au chora moja kwa moja kwenye manila.

Ugawaji wa muda tunaoupendekeza: mchoro wa muda dakika 25, limbiko na mitiririko 40, mizunguko 40, mapumziko ya chai 20, mchezo wa vizibo 60, kuchagua jaribio la mtaani 25. Ukibanwa, punguza mizunguko, mchezo uache ulivyo.

Mchezo wa vizibo ni upi?

Ni mfano wa majaribio wa mwenendo. Wabunifu wamezoea kujenga mfano wa kitu, kwa kadibodi au kwa michoro ya simu. Hapa unajenga mfano wa jinsi mambo yatakavyokwenda.

Chora kwenye manila masanduku matatu: wanaokuja, foleni, waliohudumiwa. Kila raundi inawakilisha dakika 5 za mtaani. Mmoja anarusha dadu. Namba itakayotoka ndiyo wanaoingia kwenye foleni. Mwingine anahudumia vizibo 4 kwa raundi, au vilivyopo kama ni pungufu. Wa tatu anaandika urefu wa foleni, wa nne anachora mstari. Raundi 30.

Kabla ya kuanza, waulize wakisie foleni itakuwa ndefu kiasi gani. Wastani wa dadu ni 3.5, huduma ni 4, kwa hiyo wengi husema hakutakuwa na foleni. Itakuwepo. Raundi ikitoka 1 au 2, nafasi iliyobaki inapotea bure, haiwekwi akiba. Ikitoka 6 mara mbili mfululizo, foleni inabaki kwa raundi kadhaa.

Kisha cheza mkupuo: raundi ya kwanza vizibo 21, tano zinazofuata hakuna. Wastani ni ule ule 3.5. Foleni inakwenda 17, 13, 9, 5, 1, halafu inaisha. Aliye mwisho amesubiri raundi 5, dakika 25. Mara ya tatu kila kundi libadilishe kitu kimoja tu: waongeze mhudumu wakati wa mkupuo, au wagawe mkupuo kwa miadi, au wafungue dirisha la pili la shida ndogondogo. Linganisha mistari mitatu kwenye karatasi moja.

Ukitaka kufundisha ucheleweshaji peke yake, upo mchezo wa bia uliotokana na kundi la Forrester pale MIT na unaochezwa tangu miaka ya 1960. Hapa kwetu weka katoni za soda. Duka, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda, kila mmoja na akiba ya katoni 12. Wateja wananunua 4 kwa wiki kwa wiki nne za mwanzo, kisha 8 kwa wiki hadi mwisho. Mahitaji yamebadilika mara moja tu. Kwa sababu agizo na mzigo huchukua wiki kadhaa kufika, kiwanda huishia kupata maagizo ya kupindukia halafu ukame, na kila meza hulaumu meza ya pembeni. Waache walaumiane dakika tano kabla ya kuwaonyesha namba za mteja.

Mkubwa akizungumza, wengine hunyamaza. Tufanyeje?

Huo nao ni mzunguko unaojikuza: anayesikilizwa huzungumza zaidi. Usijaribu kumzima mzee wala bosi mbele ya watu, utapoteza warsha. Anza kila zoezi kwa dakika 5 za kuandika kimya, kisha soma vikaratasi kuanzia kwa mdogo. Mkubwa mpe kazi yenye heshima inayomfunga mikono: awe mwenye dadu, au mtunza saa.

Mtaani, kinyume chake, usiharakishe. Hodi, salamu, "shikamoo mama", hali za watoto, halafu swali. Na swali lenyewe liwe la muda: "Mama, jana maji yaliisha saa ngapi? Na juzi? Wiki ile ya mvua je?" Ukimuuliza "changamoto yako ni nini", atakupa jibu analowapa wote wanaokuja na daftari.

Kompyuta ni lazima?

Hapana. Jedwali la Excel lenye safu nne (saa, kinachoingia, kinachotoka, kilichobaki) linatosha kwa limbiko moja au mawili. Mkihitaji zaidi, Insight Maker inafanya kazi ndani ya kivinjari, na Vensim ina toleo la bure la kujifunzia. Loopy ni nzuri kwa kuonyesha mizunguko ikitembea, lakini haihesabu lita wala watu. Usitoe uamuzi wa pesa kutokana nayo.

Makosa gani hujirudia?

Kuchora kila kitu. Mfumo wa maji wa Mombasa yote, kuanzia vyanzo vya Mzima na Baricho hadi mtungi wa jikoni, hauingii kwenye manila. Swali moja, mchoro mmoja.

Kusahau anayelipia usawazisho. Maji yakiadimika, bei ya mtungi hupanda, wanunuzi hupungua, foleni hufupika. Kwenye karatasi ni mzunguko uliotulia vizuri. Foleni imesawazishwa kwa kuwatoa maskini, na mchoro hautakuambia hivyo mpaka uandike limbiko la pili: nyumba zisizo na maji leo.

Kuongeza dawa kabla ya dozi ya kwanza kuonyesha matokeo. Kama badiliko huchukua wiki tatu kuonekana na timu hukutana kila wiki, watakuwa wamebadilisha mara tatu kabla ya kuona hata moja. Andika ucheleweshaji unaoukisia karibu na kila mshale, na usiguse kitu kabla haujapita.

Kudhani njia zaidi ni foleni pungufu. Dietrich Braess, mwanahisabati wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1968 kwamba kuongeza barabara kwenye mtandao kunaweza kumchelewesha kila dereva, iwapo kila mmoja anajichagulia njia inayomfaa yeye. Si kila mara, lakini inatosha kukufanya upige hesabu kabla ya kukata utepe.

Tukishaona mizunguko, tushike wapi?

Donella Meadows, mwanafunzi wa fani hii na mmoja wa walioieneza, aliorodhesha mwaka 1999 mahali 12 pa kuingilia mfumo, kuanzia penye nguvu ndogo hadi kubwa. Namba (bei, ukubwa wa tangi, kiwango cha faini) aliziweka chini kabisa. Mtiririko wa habari na kanuni za mchezo aliziweka juu zaidi, na malengo ya mfumo juu ya hizo. Kwa kazi za mtaani tunaona ngazi ya habari ndiyo inayolipa haraka kwa gharama ndogo. Ubao nje ya kioski unaoandikwa kwa chaki "tangi lina lita ngapi, litaisha saa ngapi" unagharimu kidogo sana, na mama mwenye mitungi sita anaamua mwenyewe aje sasa au jioni. Lakini kumbuka programu ya Likoni: ubao ukiandikwa asubuhi na usifutwe hadi mchana, unadanganya.

Baada ya kuanza mtaani, tupime nini na mara ngapi?

Pima limbiko moja, kinachoingia kimoja na kinachotoka kimoja, mara nyingi kuliko kasi ya badiliko lenyewe. Foleni inayojaa na kuisha ndani ya saa moja ipimwe kila dakika 5 au 10. Ukiipima mara moja kwa saa hutaiona.

Kwa foleni kuna njia ya mkato ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa watu waliomo ni sawa na wanaoingia kwa dakika mara dakika ambazo mtu hukaa. Ukijua wanaingia 150 kwa dakika bandani na kila mmoja hukaa dakika 12, ndani muna watu 1,800, bila kuhesabu vichwa. Kinyume chake pia: hesabu vichwa kwenye picha, hesabu wanaopita mlangoni kwa dakika 10, utapata muda wa kusubiri bila kumsimamisha mtu. Hali iwe imetulia kidogo. Katikati ya mkupuo kanuni hii inapotosha.

Weka daftari moja kioskini lenye safu za tarehe, saa, kipimo, na ya mwisho pana iitwayo "leo kuna nini": bamvua, mvua, mgomo wa matatu, mwisho wa mwezi, umeme umekatika. Anayejaza awe mtu yule yule wa kioski, si mtafiti, na alipwe kwa kazi hiyo.